Mlio Mmoja kwa Watu Wote

Mtu akiweka aifoni kifudifudi mezani kwangu, ili nihesabu kwanza macho ya kamera kabla hajanisalimia, damu inanichemka. Najua simu haina kosa. Haijui Kilosa wala Mikumi, haijui nani mzee na nani kijana. Hasira zangu ni za watu. Wa kwanza ni kaka yangu, wa pili ni mimi, na kuna siku nabadilisha mpangilio, mimi natangulia.

Nina kibanda cha steshenari hapa Kilosa, hatua chache kutoka stendi. Natoa kopi, naprinti barua za kuomba kazi, najaza fomu za watoto wanaoomba mikopo ya chuo. Lakini wateja wangu wengi wanakuja na jambo moja tu, kuwekewa vitu kwenye simu. Mama analeta memori kadi anataka kwaya. Mzee anataka mawaidha. Kijana anataka singeli, na anataka nyingi, mpaka kadi ikatae. Watu wa Dar watacheka, wao kila kitu wanakivuta mtandaoni. Huku kwetu bando linapimwa, kadi ikishajaa imejaa. Kwa hiyo simu nazijua. Sikuzisomea, lakini zimepita mikononi mwangu za kila aina, mpaka zilizotumbukia chooni.

Baba yangu alifanya kazi reli, kwenye gengi la njia, wale wanaotengeneza reli, mpaka alipostaafu. Sisi ni Wanyamwezi wa kuzaliwa hapa. Babu yake alikuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Baba anakisema Kinyamwezi akikutana na wazee wenzake, akinisemesha mimi namjibu Kiswahili, naye anaguna. Miaka kadhaa iliyopita macho yake yalianza kufifia. Presha ya macho, walisema hospitali, na kilichokwisha hakirudi. Anaona mwanga na vivuli. Mtu akisimama mlangoni anajua kuna mtu, hajui ni nani.

Kabla sijaja kwenye simu yenyewe, lazima niseme habari ya tapeli. Siku moja baba alipigiwa na mtu aliyejiita daktari. Akamwambia mwanao wa Mikumi amepata ajali barabarani, yuko mezani anasubiri kupasuliwa, tuma hela sasa hivi. Baba alituma yote aliyokuwa nayo, kisha akakaa chini kwenye mkeka akilia. Kaka alikuwa mzima kabisa, anakula chipsi kwenye gesti yake. Tangu siku hiyo baba akaapa kwamba simu ya mtu asiyemjua hapokei, hata iite mpaka ipasuke.

Sasa utamjua vipi anayekupigia wakati huoni jina? Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho mpaka leo najivunia, pamoja na yote yaliyofuata. Simu ya baba ilikuwa androidi ndogo ya Kichina, mfuniko wake wa nyuma umelegea, nikaufunga kwa raba bendi. Simu ile ilikubali umwekee kila mtu mlio wake. Si mlio wa dukani, mlio wowote uliourekodi mwenyewe. Nikawa nazunguka nayo. Imamu wa msikiti wetu akarekodi salamu yake. Muuguzi wa kliniki ya macho akasema, "Mzee wangu, kesho njoo na kadi." Kaka nilimrekodi akiwa Mikumi kando ya barabara, malori yananguruma nyuma yake. Mimi nikasema, "Shikamoo baba, ni mimi wa steshenari." Simu ikiita, baba anasikia sauti ya mtu mwenyewe. Akiijua, anabonyeza kitufe cha pembeni anapokea. Ikitoka ile kengele ya kiwandani, anajua si mtu wake, anaiacha. Majirani walikuwa wanakuja kuisikiliza. Wazee wawili wakaniletea simu zao niwafanyie hivyo hivyo.

Sauti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mtani wake.

Huyu alikuwa mzee wa Vidunda, kule milimani juu ya Kidodi. Waliingia gengi la reli pamoja wakiwa vijana, wakabeba mataruma ya reli pamoja, wakala ugali kwenye sufuria moja. Mmoja Mwislamu, mwingine Mkatoliki wa kila Jumapili. Kama Wanyamwezi na Wavidunda wana utani wa tangu mababu au waliuanzisha wao wawili huko relini, sijui, kila mmoja alikuwa na hadithi yake na hazikufanana. Nilichokijua ni kwamba hawakuwahi kusalimiana kwa adabu hata siku moja. Mzee yule alipokuja Kilosa kufuatilia mambo yake ya pensheni alilala kwetu siku mbili, na siku mbili zote nyumba ilikuwa ni matusi na vicheko. Aliingia akachukua kofia ya baba akavaa, akasema hii mali ya marehemu nimerithi.

Walikuwa na ahadi yao, na watu wote wa nyumba zote mbili waliijua. Atakayetangulia kufa, mwenzake atakuja kumfanyia kazi ya mtani. Asiyejua mambo haya ataona ni ukorofi. Mtani anakuja msibani, wengine wanalia, yeye anamtukana marehemu. Anasema huyu alikuwa mchoyo, huyu alikuwa mwoga wa mvua. Kaburi likiwa tayari anaingia yeye, analala humo, anasema mimi ndiye nazikwa, mpaka apewe kuku. Watu wanacheka huku machozi yanawatiririka, na katika kucheka huko ndipo wanapata nguvu ya kushika majembe. Bila mtani, msiba unakuwa mzito mpaka mwisho.

Kabla hajaondoka kwetu nilimshikia yule mzee simu nikamwambia, "Baba mdogo, sema neno ambalo baba akilisikia atajua ni wewe."

Akakohoa. Akavuta pumzi. Akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia: "We Mnyamwezi, pokea simu! Mtani wako anakufa huku mlimani na wewe umelala!"

Baba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Na kila simu hiyo ilipoita, mwaka mzima na zaidi, alianza kwa kucheka ndipo akapokea.

Halafu ikaja Idi pili. Kaka alikuja kutoka Mikumi na mkewe, wamependeza, wameleta nyama na juisi za boksi. Kaka ana gesti kule barabara kuu. Analaza madereva wa malori, na mara mojamoja wageni wa mbugani ambao hoteli za ndani zimewashinda bei. Si mtu mbaya. Natamani angekuwa mbaya, ningepumzika. Tulipomaliza pilau akatoa boksi jeupe mfukoni, akaliweka mapajani mwa baba.

"Baba, leo unaachana na takataka za Kichina."

Ilikuwa aifoni yake mwenyewe ya zamani, macho mawili, yeye alishanunua ya macho matatu. Baba akaitoa, akaipapasa mbele na nyuma, pande zote nne.

"Kitufe kiko wapi?"

"Haina kitufe, baba. Unagusa tu."

"Nagusa wapi?"

"Popote."

Mtu mwenye akili timamu, amesoma, ana biashara, anamwambia kipofu aguse popote. Nilidhani kaka atajisikia mwenyewe alivyosema. Hakujisikia.

Nikaanza kusema. Nikasema hii memori kadi haiingii, na mawaidha yote ya baba yako kwenye kadi. Nikasema haina redio, na baba kila asubuhi anachomeka waya wa spika za masikioni anasikiliza taarifa ya habari bila bando. Nikasema chaji yake ni ya kwake peke yake, ikiharibika hapa mtaani hakuna wa kumuazima. Nikasema na milio je? Hii kuiwekea sauti ya mtu mpaka uzunguke kwenye kompyuta, si kazi ya kurekodi ukamaliza.

"Si utaweka?" kaka akasema. "Wewe si ndiye fundi?"

"Na mpaka niweke, atamjuaje anayepiga?"

"Wifi, kwani kuna nini?" mkewe akaingilia, kwa sauti ile ya upole inayochoma. "Mzee akiwa na kitu kizuri wewe unapungukiwa nini?"

Kaka akasema hii haishiki virusi, hii matapeli hawaiwezi. Hilo la matapeli lilikuwa uongo mtupu, tapeli anapiga namba, hapigi aina ya simu. Halafu akasema lile lililokuwa moyoni mwake. Alikuja mgeni wake mmoja mkubwa kumsalimia baba, na mzee akatoa mbele ya mgeni kisimu kimefungwa raba.

"Nilijisikia vibaya," akasema. "Watu watasema mimi nakaa na wazungu Mikumi, baba yangu anatumia simu ya kufunga kwa raba."

Raba ile niliifunga mimi. Baba alikuwa anaijua simu yake kwa raba ile, akiigusa kwenye giza lake anajua upande wa juu ni upi.

Baba akasema polepole, "Mimi nataka ile inayonisemesha."

"Hii ndiyo inasema zaidi, baba! Hii unaiuliza inakujibu." Akaishika, akabonyeza, akaiuliza kwa Kiswahili leo kutanyesha Kilosa. Simu ikajibu kwa Kiingereza, sauti ya mwanamke.

"Huyo mama anasemaje?" baba akauliza.

Tukacheka wote. Kaka alicheka, wifi alicheka, na mimi nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Kisha nikanyamaza. Kaka mkubwa akishasema mbele ya baba, siku ya sikukuu, mdogo wa kike ukiendelea unaonekana umeleta ugomvi kwenye sahani ya watu. Hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Sababu nyingine siwapi. Kesho yake kibandani nilimwambia mteja, kama vile nilipitiwa tu, kwamba siku hizi mzee wangu anatumia aifoni. Na yule mteja alivyoinua nyusi, nilisikia raha.

Kaka alitoa laini kwenye simu ya zamani akaihamishia kwenye mpya. Majina yaliyohifadhiwa kwenye laini yakahama nayo. Yaliyohifadhiwa kwenye simu yakabaki kule. Simu yenyewe akaitia mfukoni, akasema mlinzi wake wa gesti hana simu, itamfaa. Nikamwambia usiifute kwanza, kuna namba humo. Akasema sawa. Kabla hajafika hata kijiji cha Ulaya, katikati ya safari ya Mikumi, alikuwa ameshaifuta, maana yeye ni mtu wa kumaliza mambo mapema.

Niliomba namba. Nilimwandikia kaka: nipe namba ya mtani wa baba, iko kwenye ile simu. Akajibu, "Nitakutumia." Nikamkumbusha. Akajibu kwa kidole gumba. Wiki ya pili ndipo akasema kumbe alishaifuta, lakini mzee wa Vidunda si atapiga mwenyewe. Na kweli, ilikuwa ni kusubiri tu apige.

Milio nayo nilijaribu. Kompyuta yangu ya kibandani ni kongwe, programu ile ikaikataa. Nikasema wiki ijayo nitaenda kwa mwenzangu mwenye kompyuta mpya. Wiki ijayo ikawa wiki ya fomu za chuo, foleni mpaka barabarani. Nikawasha ile sehemu ya simu kutaja jina la anayepiga, ikamtaja imamu wetu kwa lafudhi ya ajabu mpaka baba akauliza huyo Mzungu ametoka wapi. Nikaizima. Baba alikuwa hanung'uniki. Alikuwa anakaa barazani na kile kioo mkononi, kinaita mlio mmoja kwa watu wote, naye anakisikiliza mpaka kinanyamaza.

"Niwekee mtani," aliniambia mara mbili.

"Nitakuwekea, baba."

Ilikuwa Alhamisi. Nilifunga kibanda mapema nikarudi na samaki. Baba alikuwa pale pale barazani, amechoka uso.

"Leo matapeli wamenikalia kooni," akasema. "Wamepiga mara tano. Sijapokea hata moja."

Alisema kwa fahari kidogo, kama mtu aliyefanya alivyofundishwa. Nikaichukua simu nikaangalia. Namba haina jina, mara tano, zimefuatana, rangi nyekundu. Mikono yangu ilikuwa inanuka samaki.

Kupiga kungenigharimu dakika moja. Ningesema haloo, nani mwenzangu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimejaza fomu tangu asubuhi, na mimi ndiye mtaalamu wa simu pale nyumbani.

"Wapuuzie, baba," nikasema. "Hawatakusumbua tena."

Nikaibloki ile namba. Ni kugusa mara mbili tu. Nikamrudishia simu, nikaenda kupara samaki.

Jumanne iliyofuata alikuja kibandani mama mmoja anayeuza ndizi, anazitoa Kidodi anazileta soko la Kilosa. Alikuwa anatujua, mara nyingi alileta salamu kutoka kwa mzee. Hakuja kutoa kopi. Akasimama upande, akasubiri watu wapungue, akanipa mkono.

"Poleni na msiba."

"Msiba wa nani, mama?"

Akaniangalia kwanza, akitafuta kama ninamchezea.

"Mzee wa Vidunda tumemzika Jumamosi. Watu waliuliza sana. Mtani yuko wapi? Jeneza likasubirishwa mpaka jua likageuka. Padri akasema jamani, tuendelee." Akashusha sauti. "Hata simu hamkupokea, mwanangu. Kuna ugomvi?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilimwachia mteja kibanda wazi, nikatembea mpaka nyumbani bila kandambili moja. Nilimwambia baba kwa sentensi moja, maana sikuweza kutafuta njia ya kuizungusha. Baba akapapasa pembeni yake akaishika ile simu.

"Zile mara tano," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Wewe uliniambia niwapuuzie."

Hakusema kwa ukali. Angenichapa fimbo yake ningeshukuru.

Kaka alifika kesho yake. Alikuja na gari aliloazima, amevaa uso wa msiba. Akampa baba mkono, akasema bahati mbaya, kazi ya Mungu. Nilimvumilia mpaka akafika kwenye kusema kwamba uzuri ni kwamba mzee alikuwa ameshakula chumvi nyingi. Hapo nikalipuka. Nilimwambia mambo ambayo mdogo hamwambii kaka yake. Nilimwambia ulimnyang'anya baba macho yake ya pili ili wageni wako wasicheke. Nilimwambia umeichukua sauti ya mtu ukaifuta kwenye gari, hujafika hata nyumbani. Wifi alikuwa anavuta mkono wangu. Majirani walishasimama uani.

"Kwani simu ndiyo iliyomuua?" kaka akapiga kelele. "Mzee aliumwa akafa! Na wewe uliyekuwa hapa kila siku, ulikuwa unafanya nini?"

Nikageuka nikaanza kukusanya vikombe. Kaka akadhani ameshinda, akatoka nje kupigia gesti yake.

Baba akasema lazima aende. Tulipanda basi kwenda Mikumi, tukashuka, tukapanda jingine la kwenda Kidodi. Barabarani mbugani abiria walikuwa wanapiga picha twiga. Nilitumia nafasi hiyo kuichukua simu ya baba mfukoni mwake. Nikaiondolea bloki ile namba, nikairudisha simu mfukoni. Hakuuliza. Kutoka Kidodi tulikodi bodaboda mbili kupanda mlima. Baba alimkumbatia dereva, macho ameyafumba, kama vile angeyafumbua angeona.

Mama mdogo, mjane wa mzee, alitupokea vizuri mno. Nilitaka atutukane. Alimshika baba mkono akamwita shemeji, akamkalisha, akaleta maji ya kunawa. Ndipo akasimulia, bila kulaumu, kama anavyosimuliwa mtu aliyekuwa safari.

Vidunda mtandao haushiki kila mahali. Kuna jiwe moja juu ya shamba lao la maharage, hapo ndipo watu wanasimama kupiga simu. Alhamisi ile mzee aliomba abebwe. Wanawe walimbeba kwenye kiti mpaka jiweni. Alitaka kumwambia mtani wake ajiandae, aje na maneno ya kutosha, asije akamwaibisha mbele ya watu.

"Alipiga mwenyewe," mama mdogo akasema. "Ya kwanza haikupokelewa. Ya pili, ya tatu. Watoto wakasema baba turudi, jua kali. Ya tano ilipokatika akacheka. Akasema, mwacheni huyo Mnyamwezi, ananitania. Anataka nimbembeleze."

Baba akaitafuta fimbo yake pembeni ya kiti.

"Alirudi nyumbani anacheka hivyo hivyo," mama mdogo akasema. "Akawa anasema, nitamwonyesha. Ijumaa asubuhi akatuacha. Tulipiga tena kuwaambia, Ijumaa yote. Ikawa inakata pale pale, haiiti. Tukasema labda simu imekufa."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikitazama mpaka akabadilisha mazungumzo.

Baba akaomba apelekwe kaburini. Lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, udongo bado mwekundu na maua ya karatasi yameanza kupauka. Nilimwongoza. Akalipapasa tuta kwa fimbo, akajua urefu wake. Akaniachia mkono, akapiga magoti, akalala ubavu kando ya tuta, kanzu yake nyeupe juu ya ule udongo. Watu wa nyumbani walikuwa wamesimama nyuma yetu.

"We Mvidunda," akasema kwa sauti kubwa. "Mwizi wa mataruma! Umeondoka na koleo langu la mwaka ule, nimekuja kulichukua! Mvivu wewe, mlima wako mwenyewe umekushinda mpaka ubebwe kwa kiti! Sitoki hapa. Nipeni kuku, la sivyo siliachii kaburi hili!"

Akasubiri.

Hakuna aliyecheka. Hawakujua kama inaruhusiwa. Msiba ulishapita, kaburi limeshafungwa, utani una wakati wake. Wajukuu walitazamana. Mama mdogo alijaribu kucheka, akaishia kujifunika kanga usoni. Baba akabaki amelala pale anasikiliza, uso ameugeuza kuelekea upande wa watu, mpaka nilipoona aibu ya kumwacha chini nikaenda kumwinua. Walimpa kuku. Walimpa kwa heshima, amefungwa miguu vizuri. Tulirudi naye Kilosa kwenye basi na hakuna aliyemgusa mpaka leo, anatembea uani.

Nilimwambia baba nitanunua androidi nyingine, kesho hiyo hiyo. Nitazunguka tena kwa watu wote nirekodi upya, imamu, muuguzi, wote.

"Iache hii hii," akasema.

"Lakini baba, hutajua nani anapiga."

"Sihitaji kujua."

Sasa anapokea zote. Amejifunza kuteleza kidole pale chini, kwanza alikosea, sasa hakosei. Haiachi iite mara mbili. Yule aliyeapa hapokei mgeni hata simu ipasuke, sasa anapokea namba yoyote, saa yoyote, akiwa anakula, akiwa anatawadha. Anasema, "Nipo. Usikate." Waliokosea namba wanaomba radhi, naye anawauliza wanatoka wapi. Matapeli anawasikiliza mpaka mwisho. Wa juzi alikata yeye mwenyewe, baada ya baba kumuuliza kwa utulivu kama huko aliko kuna mgonjwa.

Jumapili iliyopita kaka alikuja kutusalimia. Tunasalimiana sasa, tunakula pamoja. Tulikuwa uani, mimi nachambua mchele, baba barazani. Simu ikaita. Kabla mlio haujamaliza mara ya kwanza, kidole cha baba kilishapita juu ya kioo.

"Nipo. Usikate."

Kaka akanigeukia, uso umemjaa furaha ya kweli, akanigusa bega.

"Unaona? Na ulisema hataiweza. Mzee ameshaizoea."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu mpaka jua lizame. Lakini baba alikuwa anasikia, na nikianza kusema nani alifanya nini, itabidi nifike kwenye ile Alhamisi, kwenye mikono inayonuka samaki, kwenye kugusa mara mbili. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Nikainamisha kichwa nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.